Nani Alisema? Historia ya Ugogo katika Zama za Akili Unde

Siku hizi utafiti mwingi jijini Dodoma huanzia mahali pamoja. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwanaharakati wa haki za ardhi, ofisa anayeandaa andiko la sera katika Mji wa Serikali Mtumba: wote hufungua simu au kompyuta, huiuliza programu ya akili unde swali lao, na baada ya sekunde chache hupata maelezo yaliyopangika vizuri, yenye majina ya waandishi, miaka na majarida. Wengine huiita akili mnemba. Jina si hoja. Hoja ni kwamba hatua ya kwanza ya utafiti, yaani kutafuta nani aliandika nini na kwa ushahidi gani, tumeikabidhi kwa mashine, na wengi wetu hatujajiuliza tumekabidhi nini hasa.

Sikusudii kumkataza mtu. Mimi mwenyewe nazitumia zana hizi na zimenirahisishia mengi. Ninachotaka ni kurudi nyuma katika historia ya uwanda huu wa kati, kwa sababu historia hiyo inatufundisha kinachotokea maandishi yanapokwenda mbali na chanzo chake. Wengi walioandika kuhusu Ugogo walikuwa wapita njia. Wachache waliozaliwa hapa waliandika kwa lugha na katika vitabu ambavyo mashine haivioni vizuri. Anayetaka kutumia akili unde kwa uadilifu sharti aijue tofauti hiyo kabla hajauliza swali lake la kwanza.

Hongo: neno moja, maana mbili

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Ugogo. Baada ya Mpwapwa msafara ulivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ndipo ukaingia katika nchi za watemi wa Kigogo waliotoza hongo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: nguo, shanga na nyaya za shaba zilizotolewa kwa mtemi ili msafara upite kwa amani, uteke maji na kununua chakula.

Richard Burton alipita mwaka 1857 akiwa na John Speke, na kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kikatoka mwaka 1860. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871. How I Found Livingstone kilitoka mwaka uliofuata. Wote wawili waliilalamikia hongo kwa uchungu, kama mtu anavyolalamikia gharama iliyomaliza fungu lake la safari. Wasomaji wao wa Ulaya wakabaki na picha ya Ugogo kama nchi ya watu wasumbufu wenye tamaa.

Tuitazame hongo kutoka upande wa mwenye kisima. Katika nchi ambayo mvua ni ya msimu mmoja mfupi, maji ya kiangazi yalikuwa mali iliyotafutwa kwa jasho. Msafara wa mamia ya wapagazi uliweza kukausha kisima na kumaliza nafaka ya kijiji kwa siku chache. Mtemi alitoza kwa sababu nchi ilikuwa chini ya mamlaka yake na wenye visima walikuwa watu wake. Kila dola hufanya hivyo mipakani mwake, na hakuna anayeiita tamaa.

Kuna jambo jingine ambalo mtafiti wa leo aliangalie kwa makini. Katika Kiswahili cha sasa hongo ni rushwa. Mwanafunzi asiyeijua historia ya neno hilo, au programu iliyojifunza Kiswahili kutokana na habari za magazeti ya siku hizi, anaweza kuandika bila kusita kwamba watemi wa Ugogo walikuwa wala rushwa. Sentensi hiyo itakuwa na sarufi safi na itapita machoni pa msimamizi aliyechoka. Lakini itakuwa imeugeuza ushuru wa dola kuwa uhalifu, na itakuwa imerudia malalamiko ya mpita njia kwa kauli ya mwenyeji.

Vitabu vya Burton na Stanley vimekwisha muda wa hakimiliki, vimewekwa wavutini bure, na vimenukuliwa katika maandishi mengine yasiyohesabika. Wapo Waswahili walioandika safari zao wenyewe: Carl Velten alikusanya masimulizi yao katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Hata hivyo, sauti hizo ni chache ukilinganisha na wingi wa Kiingereza uliolishwa katika mashine. Ukiuliza kwa jumla kuhusu Ugogo wa karne ya 19, uwezekano ni mkubwa kwamba utakaribishwa kwanza na Burton na Stanley, au na mtu aliyewanakili, na hakuna atakayekuambia kwamba viti vya mbele vimepangwa hivyo.

Mnyampala na kitabu cha 1954

Wengi humjua Mathias Mnyampala kama mshairi na bingwa wa ngonjera. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mashariki mwa mji wa Dodoma, na kitabu hicho aliwaandikia wasomaji wa Kiswahili kuhusu watu wake mwenyewe: walikotoka, watawala wao, mila zao.

Mwaka 1995 mwanahistoria Gregory Maddox alikihariri na kukitoa kwa Kiingereza chini ya jina The Gogo: History, Customs, and Traditions. Ni kazi ya manufaa. Lakini katika tasnifu ninazozisoma naona jambo la kusikitisha: Mgogo aliyeandika Kiswahili ananukuliwa na Watanzania wenzake kwa Kiingereza, kisha Kiingereza hicho kinarudishwa katika Kiswahili na programu ya kutafsiri. Maneno ya mwandishi yamevuka mto mara mbili ilhali msomaji alikuwa ng'ambo ileile aliyokuwa mwandishi. Mtafiti anayejua Kiswahili hana udhuru wa kuliacha toleo la asili. Amwendee mkutubi, alitafute, alisome.

Wala sisemi kwamba Mnyampala asihojiwe. Aliandika chini ya utawala wa Waingereza, naye alikuwa mtumishi wa serikali aliyewahi kushika uliwali. Chini ya mfumo wa utawala wa wenyeji uliosimamiwa na mkoloni, habari ya ukoo gani ulifika kwanza na nani alikuwa mtemi halali iligusa cheo na mamlaka ya watu waliokuwa hai. Kwa hiyo kitabu chake nacho kina upande wake. Peter Rigby, aliyechapisha Cattle and Kinship among the Gogo mwaka 1969, anauona Ugogo kwa jicho jingine, la mwanaanthropolojia aliyezingatia ng'ombe, ukoo na ujirani. Kuwasoma wote wawili, kila mmoja akiwa na nafasi yake na mipaka yake, ndiyo kazi ya historia. Muhtasari unaowachanganya katika aya moja bila kusema ni nani aliyesema nini hufuta kile tunachokitafuta.

Mtunya: njaa ilitoka wapi?

Mwaka aliozaliwa Mnyampala ndio mwaka ambao Ugogo uliingia katika njaa iliyoitwa Mtunya. Maddox hulifasiri jina hilo kwa maana ya kinyang'anyiro. Iliendelea hadi mwaka 1920.

Ukiuliza kwa haraka njaa hiyo ilisababishwa na nini, jibu rahisi ni ukame. Ni kweli mvua zilikosekana. Lakini katika makala yake Mtunya: Famine in Central Tanzania, 1917–20, iliyotoka mwaka 1990 katika The Journal of African History, Maddox anaonyesha kwamba ukame uliikuta nchi iliyokwisha kunyang'anywa. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Vijana ambao wangelima na kuchunga walikuwa wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Ng'ombe, ambao kwa Mgogo ndio ghala la siku mbaya, walikuwa wameondoka. Mvua ilipokosekana hapakuwa na cha kuuza wala cha kubadilishana na chakula, na homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu waliokwisha dhoofu. Makadirio ya vifo ni watu wapatao 30,000 katika idadi ya watu wapatao 150,000.

Mtu mmoja kati ya kila watano. Jambo la ukubwa huo lina haki ya kuelezwa sawasawa. Anayeamini kwamba njaa ya Ugogo ilishuka kutoka mbinguni hatatafuta mwenye dhamana. Anayejua kwamba akiba ya wananchi ilichukuliwa na dola mbili zilizopokezana ataandika tofauti kuhusu usalama wa chakula hata leo: atauliza akiba iko wapi, iko mikononi mwa nani, na nani mwenye uwezo wa kuichukua. Ofisa anayeandaa taarifa ya chakula kwa Bahi, Chamwino au Manyoni anafanya uamuzi wa kisiasa pale anapochagua sababu ya njaa, hata kama hajui kwamba anachagua.

Hapa ndipo hatari ya muhtasari wa mashine inapoonekana wazi. Mashine huelemea kwenye lililosemwa mara nyingi. Neno ukame limeandikwa kuhusu Dodoma mara nyingi mno kuliko jina Mtunya. Huhitaji mashine iseme uongo ili upotoke. Yatosha iseme lililozoeleka nawe usiulize zaidi.

Kongwa: ripoti iliyosomeka vizuri

Wapo watakaosema kwamba mambo ya tanbihi na marejeo ni ya wanazuoni, hayagusi maisha. Uwanda huu una jibu lake, nalo ni Kongwa.

Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipendekezea serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa takriban wiki tisa, kwa sehemu kubwa ukitumia ndege, kisha ukaandika ripoti. Ripoti ilipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe na kulimwa Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1947 kazi ilianza, na Kongwa ikawa mahali pa kwanza.

Ripoti ile ilikuwa na makisio ya gharama, makisio ya mavuno na ratiba ya miaka. Ilisomeka kama kazi ya watu wanaojua. Kilichokosekana ni ushahidi wa kutosha chini ya sentensi zake. Kumbukumbu za mvua za eneo lenyewe zilikuwa haba. Udongo haukupimwa ipasavyo, na ulipokauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja zana na kuzifungia karanga ardhini. Mtama, uwele na ng'ombe wa Wagogo vilikuwa taarifa ya vizazi vingi kuhusu tabia ya mvua ya nchi hiyo, ila havikusomwa kama taarifa. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikaandikwa katika vitabu vya hazina ya Uingereza.

Waliouandika mpango wa Kongwa hawakuwa wajinga, wala hawakutumia mashine. Nawataja ili tukumbuke kwamba andiko lililonyooka linaweza kusimama juu ya kitu chembamba sana, na kwamba mwenye kulipia wembamba huo mara nyingi si aliyeliandika.

Mashine hufanyaje kazi?

Programu za mazungumzo zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 zimejengwa juu ya uwezo wa kukadiria neno gani lifuate jingine, kwa kujifunza kutokana na maandishi mengi mno. Rejea ya kitaaluma ina umbo linalotabirika: jina la mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, kurasa. Kwa hiyo ni rahisi kuiumba rejea yenye sura kamili ambayo haipo popote duniani. Mashine haikusudii kudanganya, inajaza umbo.

Mwaka 2023 William Walters na Esther Wilder walichapisha utafiti kuhusu jambo hili katika jarida la Scientific Reports. Waliagiza ChatGPT iandike makala fupi 84 kuhusu mada 42, kisha wakakagua rejea 636 zilizotolewa. Katika toleo la GPT-3.5, asilimia 55 ya rejea zilikuwa za kubuni. Katika GPT-4, asilimia 18. Hata miongoni mwa rejea za kweli, nyingi zilikuwa na makosa ya mwaka, juzuu au kurasa.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Zipo programu zinazotafuta kwanza wavutini kabla ya kujibu, na zipo zilizotengenezwa mahususi kwa utafutaji wa machapisho, kama vile Semantic Scholar, Elicit na Consensus. Kwa kuwa hizi huanzia kwenye orodha ya machapisho yaliyopo, rejea za kubuni hupungua. Tatizo limehamia pengine. Sasa makala ipo, ila haisemi kile inachodaiwa kusema. Au mashine imesoma ikisiri peke yake kwa sababu makala kamili iko nyuma ya ukuta wa malipo. Au imeichukua hoja ambayo mwandishi aliitaja ili kuipinga, ikampa kama hoja yake. Makosa ya aina hii ni magumu zaidi kuyagundua, kwa sababu ukitafuta jina la makala utalipata na moyo wako utatulia.

Watumishi wa umma wasidhani haya ni ya vyuoni pekee. Oktoba 2025 kampuni ya ushauri ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo, baada ya msomi wa Chuo Kikuu cha Sydney kugundua kwamba ilikuwa na marejeo ya kitaaluma yasiyokuwapo na nukuu ya hukumu ya mahakama iliyobuniwa. Zana ya akili unde ilikuwa imetumika katika kuiandaa. Ripoti hiyo ilihusu mfumo wa masharti na adhabu kwa wananchi wanaopokea msaada wa serikali, yaani watu ambao kosa la sentensi moja linaweza kuwakosesha riziki.

Kwa mtafiti wa uwanda wa kati kuna upungufu mwingine, nao ni mkubwa kuliko yote: mashine haioni kisichowekwa wavutini. Majalada ya enzi za Wajerumani na Waingereza yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, vitabu vya kumbukumbu vya wilaya za Dodoma, Mpwapwa, Manyoni na Kondoa, tasnifu zilizolala katika rafu za maktaba zetu, masimulizi ya wazee wa Kigogo, Kirangi na Kisandawe: sehemu kubwa ya hayo haijaingia humo. Programu ikikuambia kwamba hakuna vyanzo kuhusu mada yako, fahamu kwamba inazungumzia upeo wake yenyewe.

Utaratibu ninaoupendekeza

Yafuatayo ndiyo ninayowaeleza wanafunzi ninaowasimamia, nayo yanamfaa vilevile mwanaharakati na ofisa.

Kwanza, itumie mashine kutafuta njia ya kufikia ushahidi. Inafaa sana kukupa maneno ya kutafutia. Iulize tahajia za zamani za majina, kwa maana wasafiri waliandika Mpwapwa kwa namna zaidi ya moja, na kabila lilelile huandikwa Gogo au Wagogo, na lugha yake Chigogo. Iulize istilahi za Kijerumani za utawala ili uweze kupekua Deutsches Kolonialblatt. Programu kama Transkribus husaidia kusoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani ambao wengi wetu hutushinda. Katika kazi hizo mashine ni msaidizi mwenye bidii, na kosa lake hugundulika mara unapolifungua jalada.

Pili, thibitisha kwamba chanzo kipo. Tafuta namba ya utambulisho ya DOI katika tovuti ya doi.org, fungua ukurasa wa jarida lenyewe, angalia katika orodha ya maktaba. Kwa machapisho ya Afrika pitia African Journals Online. Kwa makala za zamani kuhusu nchi yetu, tafuta juzuu za Tanganyika Notes and Records, lililokuja kuitwa Tanzania Notes and Records. Kuiuliza programu ileile kama rejea iliyokupa ni ya kweli si uthibitisho. Ni kumuuliza shahidi kama anasema kweli.

Tatu, usinukuu ukurasa ambao hukuusoma. Kama makala imefungwa, mwombe mkutubi, mwandikie mwandishi, au ulizia kama taasisi yako inapata huduma ya Research4Life. Ukishindwa kabisa, mtaje yule uliyemsoma kweli na useme kwamba umempata mwingine kupitia kwake.

Nne, hesabu mashahidi, usihesabu tovuti. Mfano ni jina la Dodoma lenyewe. Husimuliwa kwamba latokana na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama, kwa sababu ya tembo aliyezama topeni alipokwenda kunywa maji. Masimulizi mengine husema ni watu waliochukua ng'ombe, wakawala, wakasimika mikia ardhini na kudai wanyama wamezama. Kurasa nyingi za wavuti hurudia kisa cha tembo, na mashine itakupa kisa hicho kwa uhakika mkubwa. Lakini kurasa hamsini zilizonakiliana ni shahidi mmoja. Uliza nani alilisimulia kwanza, lini, na kwa nani. Usipopata, andika kwamba ni simulizi, na uyataje masimulizi yote mawili.

Tano, linda watu na useme ulichofanya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote. Mahojiano na mzee wa Mvumi kuhusu shamba la ukoo, au jalada lenye majina ya walalamikaji wa ardhi, hayapaswi kupakiwa katika programu ambayo hujui huyahifadhi wapi maneno yake. Kisha, katika sehemu ya mbinu za utafiti, andika ni zana gani uliyoitumia, kwa kazi gani, na ulikaguaje majibu yake. Sentensi tatu zinatosha, na hazimpunguzii mtu heshima.

Wajibu wa walimu na taasisi

Lawama isiwaangukie wanafunzi peke yao. Mwanafunzi anayekimbilia mashine mara nyingi amekuta mlango wa maktaba umefungwa saa anayoihitaji, au jarida linalotaka malipo yanayozidi posho yake ya wiki. Tukitaka wafuate vyanzo hadi mwanzo, tuwape njia ya kufika huko: maktaba zilizo wazi, wakutubi wa kutosha, na mpango wa kuzihifadhi kidijitali nyaraka za uwanda huu pamoja na vitabu vya Kiswahili, kwa kuheshimu haki za waandishi.

Nasi walimu tuache pupa ya kuwahukumu watu kwa programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI yenyewe iliiondoa zana yake ya utambuzi Julai 2023 kwa sababu ya kiwango chake kidogo cha usahihi. Kumwita mwanafunzi mdanganyifu kwa ushahidi wa namna hiyo ni kosa lilelile tunalomkataza: kuikubali kauli ya mashine bila kuikagua. Njia ya haki tunayo tangu zamani. Mwite, weka orodha yake ya marejeo mezani, chagua rejea tatu, mwambie akuonyeshe ukurasa na akueleze mwandishi alisema nini na kwa nini anamwamini. Aliyesoma atajibu. Asiyesoma atarudi akasome, na hilo ndilo tulilolitaka.

Vivyo hivyo katika ofisi za umma. Mkuu wa idara anayepokea andiko lenye marejeo ishirini ana haki ya kuuliza matatu kati ya hayo yako wapi, kabla andiko halijapanda ngazi na kuwa uamuzi. Swali hilo halihitaji bajeti. Lingeulizwa kwa dhati kuhusu mvua ya Kongwa mwaka 1946, Uingereza isingezika mamilioni yale katika udongo ule.

Watu wapatao 30,000 waliokufa katika Mtunya hawakuacha maandishi. Tunayoyajua kuwahusu yametufikia kwa sababu wazee walisimulia, makarani waliandika, na watafiti walifungua majalada, wakasikiliza na kulinganisha. Mashine itatusaidia kuyafikia majalada hayo haraka zaidi, nami naishukuru kwa hilo. Kuyasoma na kuyatolea ushahidi kunabaki kuwa kazi yetu, na majina yetu ndiyo yatakayokuwa chini ya andiko.

Naomba kutoa hoja.